JE, KAHAWA YAKO IMETOKA SHAMBA GANI?

Katika mkutano mmoja wa wakulima wa kahawa alikuja kijana na simu, akasema atapima mashamba. Mama mmoja akasimama: "Mwanangu, unapima shamba langu ndio mliuze?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la maana. Hebu tulijibu.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya ukataji wa misitu. Inagusa kahawa, kakao, mpira, soya, mawese, ng'ombe na mbao. Kahawa iliyolimwa mahali ambapo msitu ulifyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020 haitakubaliwa kuuzwa huko. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuuliza mapema, na sehemu kubwa ya kahawa yetu huenda Ulaya.

Mwenye jukumu la kuchunguza ni mwagizaji wa Ulaya, si wewe. Akidanganya au akizembea atatozwa faini kubwa. Basi yeye anamwuliza msafirishaji wa Nairobi, msafirishaji anauliza chama cha ushirika, nacho chama kinakuuliza wewe. Ndivyo yule kijana alivyofika kwako.

Kwani anataka nini? Kama shamba halizidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, nukta moja kwenye ramani inatosha. Wengi wetu tuna ekari moja au hata nusu, kwa hivyo ni kazi ya dakika chache. Likizidi hapo, lazima mpaka wote uchorwe. Nukta hiyo si hati ya kumiliki ardhi. Mtu akitaka kuondoka na hati yako halisi mkatalie, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Na ukikata mgrevilea wa kivuli katikati ya kahawa yako? Usiogope. Kwa sheria hii shamba la kilimo si msitu.

Hatari kubwa iko kiwandani. Tunaujua ule mchezo wa kupitisha kahawa ya mtu mwingine kwa namba yako, eti ni kumsaidia. Kahawa ya wote humenywa na kukaushwa pamoja. Ikiingia debe moja isiyojulikana ilikotoka, na haiwezi kutenganishwa, mzigo wote hauwezi kuingia soko hilo. Atakayeumia ni pamoja na yule mjane aliyepimiwa shamba lake na kuleta kahawa yake mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Ni wanachama wangapi wa kiwanda chetu hawajapimiwa, na kwa nini?

Kila mkulima amepewa nakala ya vipimo vya shamba lake, au vimebaki kwa mnunuzi peke yake?

Gharama ya kupima inakatwa kwa nani? Mwulizeni karani awaonyeshe kwenye kitabu.