Somo la Maarifa ya Nyumba: Jiko la Njiani

Sisi wa kikundi cha biokimia, mwaka wa tano, tuliombwa kutayarisha somo la nambari hii. Tumechagua jambo ambalo wengi watasema ni kazi ya mama tu: namna ya kutayarisha jiko kwa safari ndefu ya jamaa nzima. Wavulana, musifunge karatasi. Maswali yako mwishoni, na ni ya wote.

Neno «karavani» tulilikuta katika kitabu cha Kifaransa. Kule Ulaya ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na motokari. Ndani kuna kitanda, meza na jiko la gazi, na jamaa wanazunguka nayo miezi mizima kwa furaha. Huku Butembo na Beni hakuna mtu mwenye nyumba ya namna ile. Lakini jamaa wanaosafiri na jiko lao wako wengi. Mwalimu anahamishwa na watoto sita. Mufanya biashara anapeleka maharagi Kisangani, na mama anamufuata juu ya kamyo. Halafu kuko wale ambao hawakuchagua safari. Tangu mwaka 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yameondosha watu vijijini mara nyingi, na mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga, jamaa wengi walipanda Lubero hadi Butembo na sufuria kichwani. Wengine wanasoma pamoja nasi. Wao wanajua somo hili kutupita.

Zamani msafara ulikuwa wa miguu. Chumvi ya Katwe ilivuka ziwa Eduardi kuja kwa Wanande, na wachukuzi walipika njiani kwa mafiga matatu. Tuna fundisho moja kubwa kutoka wakati ule. Mwaka 1887 Stanley alipita pori la Ituri pamoja na wachukuzi wa Unguja. Sehemu ya watu wake aliiacha nyuma kule Yambuya, kwenye muto Aruwimi. Aliporudi, mwezi wa nane 1888, aliwakuta Banalya, na wengi sana walikuwa wamekwisha kufa. Sababu hazikuwa moja, ila Stanley mwenyewe aliandika juu ya mihogo: watu walikula mihogo michungu bila kuitayarisha sawasawa. Tazama vizuri: chakula kilikuwako. Kilichokosekana ni siku tatu za kuloweka.

MIHOGO INATAKA SIKU, NA SAFARI HAINA SIKU

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo hatari iko. Muhogo muchungu una dawa ndani yake inayotoa sianidi, sumu kali. Mama zetu wanajua kuitoa bila kusoma kemia: wanaloweka mihogo siku tatu au ine mupaka inalainika na kunuka, wanaianika juani, kisha wanatwanga. Wakati wa kuloweka, vidudu vidogo na maji vinavunja ile dawa, na sumu inakwenda na maji au inapanda hewani. Mutu akifupisha kazi kwa siku moja tu sababu kamyo inaondoka kesho, sumu inabaki ndani ya unga. Haionekani kwa macho.

Anayekula unga wa namna ile siku moja anaweza kupata kizunguzungu na kutapika. Anayeula majuma mengi, bila samaki, bila maharagi, anaweza kupata konzo. Ni ugonjwa wa miguu: inakauka na kukaza kwa gafula, na haiponi tena. Unakamata zaidi watoto na wamama. Jina lenyewe limetoka kusini-magaribi ya inchi yetu, upande wa Kwango, na daktari Trolli aliuandika tangu 1938. Kwa nini maharagi na samaki vinasaidia? Sababu protini yake ina salfa, na mwili unatumia salfa kugeuza sianidi kuwa kitu kisicho na nguvu. Basi sombe na bugali peke yake kila siku si chakula cha safari ndefu, hata kama tumbo limejaa.

Kwa jamaa walio njiani na unga wasioujua umetoka wapi, iko njia moja rahisi iliyotafutwa na Bradbury wa Australia na kufundishwa vijijini kule Kwango. Changanya unga na maji mupaka unalowa wote. Utandaze juu ya kitambaa au karai, uwe mwembamba kama kidole kimoja au chini ya hapo. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Kisha songa bugali siku ileile. Sumu nyingi inaondoka hewani. Haina bei, haitaki kuni. Kama somo hili lote litapotea, tunaomba kipande hiki kibaki.

MAJI YA BUTEMBO YANACHEMUKA HARAKA, LAKINI HAYAPIKI HARAKA

Tulipima wenyewe na termometri ya laboratwari. Butembo iko karibu metre 1,750 juu ya bahari, na maji yetu yalichemuka kwa digri 94. Beni, karibu metre 1,200, yanachemuka kwa 96. Kisangani, chini kule, karibu 99. Ukisoma kitabu kinasema 100, jua kimeandikwa kando ya bahari.

Maana yake kwa jiko: maharagi ya Lubero yanayokula makala ya asubui nzima hapa yataiva mbele ya wakati ule Kisangani. Anayehesabu makala ya safari asitumie kipimo kimoja njia yote. Akipanda, aongeze.

Na maharagi mekundu yana sumu yao ndogo pia. Inakufa kwa kuchemuka kwa nguvu, haifi kwa moto wa uvivu. Basi: loweka usiku, mwaga maji yale, weka mapya, chemusha kwa nguvu dakika 30. Kisha iko akili ya kubana makala: funga sufuria na kifuniko chake, ingiza ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya ndizi au blanketi ya zamani, funika vizuri, uache saa tatu au ine. Maharagi yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe. Mbele ya kula, yachemushe tena. Sisi tulijaribu mara mbili kwenye jiko la internati, na makala karibu nusu ilibaki. Mupishi alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliomba kikapu.

SANDUKU

Madereva wa kamyo kubwa wanafunga sanduku la mbao pembeni ya gari, ndani mbabula, sufuria na chumvi. Jamaa nao wafanye hivi. Kipimo chake ni hiki: mutu mumoja aweze kulibeba peke yake, sababu njiani baba anaweza kuwa anasukuma gari katika matope. Ndani, sufuria tatu zinazoingia moja ndani ya ingine, vifuniko, mwiko, kisu, sahani za plastiki, kikombe kwa kila mutu na alama yake. Mbabula ipoe kabisa mbele ya kurudishwa. Viberiti vikae katika chupa ya plastiki yenye kufungwa vizuri, sehemu mbili, musiviweke pahali pamoja vyote.

Jambo moja hatutalisema polepole. Mbabula ya makala haiwakwi chini ya bashi ya kamyo iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama mutoto analia baridi. Makala inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haikohozi. Watu wanalala na hawaamki. Tena juu ya kamyo mara nyingi kuko bidoni za petroli.

Chakula chenyewe kihesabiwe kwa kalamu. Mashirika yanayogawa chakula, kama PAM, mara nyingi yanahesabu kwa mutu mumoja kwa siku: unga au muchele grama 400, maharagi 60, mafuta 25, chumvi 5. Jamaa ya watu sita, siku kumi: unga kilo 24, maharagi kilo 3 na grama 600, mafuta kilo moja na nusu, chumvi grama 300. Kisha ongeza siku. Barabara ya Beni na Kisangani inapita kilometa 700, na wakati wa mvua shimo moja la matope linaweza kufunga kamyo makumi. Dereva akisema siku ine, wewe hesabu nane.

Vya kuongeza: karanga, vitunguu, kabichi zinazodumu, samaki wa kukauka wa Vitshumbi au Kyavinyonge, na unga wa masoso (mahindi, soya na mutama uliokaangwa). Makayabo ni nzuri ila inataka maji mengi ya kutoa chumvi, na maji njo shida. Nyama ya pori inayouzwa kando ya barabara upande wa Mambasa tuiache. Kuko magonjwa ndani yake, na kuko nyama wanaolindwa na sheria, okapi wa kwanza.

Kwa maji, hesabu lita tatu za kunywa kwa kila mutu kwa siku. Watu sita ni karibu bidoni nzima ya lita 20, na bado hamujapika wala kunawa. Bidoni iliyobeba petroli au dawa ya kakao haigeuki ya maji, hata ukiiosha mara kumi. Maji ya muto yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara ine, kisha yachemushe. Yakichemuka kwa nguvu dakika moja inatosha, na juu ya milima inayopita metre 2,000 dakika tatu. Kunawa mikono hatutaeleza, sisi wa huku tulijifunza kwa machozi: Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Ile ndoo yenye robine ingali katika nyumba nyingi. Ipande kamyo pia.

JIKO BILA MOTO

Sasa neno ambalo vitabu vya Ulaya havina. Barabara kadhaa zetu, magari yanakwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma. Hakuna kusimama pahali unapotaka, hakuna kuwasha moto. Basi jiko la jamaa ligawanyike mara mbili: la moto, linalobaki sandukuni, na la bila moto, linalokaa karibu na mama.

La bila moto ni vitu vinavyolika hivi hivi: karanga za kukaanga, ndizi mbivu, mandazi makavu, masoso inayokorogwa na maji yaliyochemushwa jana. Bugali na muchele wa jana haviingii hapa. Muchele uliolala katika joto unalea vidudu ambavyo hata kuupasha moto hakutoi sumu yake. Pika, kula, na kinachobaki kisipite saa mbili. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya: lile ndilo jiko safi kuliko yote ndani ya kamyo, na mama apewe maji mbele ya wengine wote.

Tena pawe na kifurushi kidogo cha kufunga mwilini. Watu wanaposhuka kwa mbio, sanduku linabaki. Tuliwauliza wenzetu wawili waliofika hapa kwa miguu: ni kitu gani mama yenu alikuwa nacho? Mumoja alisema sufuria ndogo na chumvi. Mwingine alisema: «Mama alibeba muchele kilo tano, lakini hatukukuwa na sufuria. Tulikula muchele siku ya tatu, kwa watu.» Kwa hiyo tunaandika hivi: sufuria ndogo kwanza. Ndani yake kikombe, kisu, viberiti katika plastiki, chumvi, sukari, kijiko cha chai, masoso kilo moja. Yote haipiti kilo mbili na kidogo, hata mutoto wa miaka kumi anaweza kukimbia nayo.

Kwa nini sukari na kijiko? Mutoto akiharisha njiani, maji ndiyo yanayomuua kwa kutoka. Katika lita moja ya maji safi weka vijiko vya chai sita vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Korogeni. Mumupe kidogo kidogo, kila mara baada ya kuharisha, na chakula asikatazwe. Chumvi isizidi: ikizidi ni hatari kuliko kukosa. Onja, isiwe na chumvi kupita machozi. Chupa tatu za maji za kawaida, zile ndogo za nusu lita, mbili ndizo lita moja. Ya tatu ni ya kumunyweshea.

MASWALI

1. Jamaa ya watu 8 wanakwenda siku 14. Hesabu unga, maharagi na mafuta kwa kipimo tulichotoa. Sanduku la kilo ngapi? Litabebwa na nani?

2. Kwa nini maharagi yaleyale yanataka makala nyingi Butembo kuliko Kisangani? Jibu kwa maneno ya fizika, siyo «sababu ya baridi».

3. Umepewa unga wa mihogo kwenye njia panda, saa ine ya asubui, na jua linawaka. Kamyo inaondoka saa saba. Utafanya nini, na saa ngapi utasonga bugali?

4. Uliza nyumbani: siku jamaa yenu mulipohama, ni chombo gani cha jiko mulichokikosa kwanza? Andika jina la chombo na mwaka, si lazima jina lako. Karatasi zitiwe katika sanduku la mbao mbele ya biblioteki mbele ya siku ya posho. Nambari inayofuata tutachapa hesabu ya vyombo vyote, na walimu nao wajibu.