Punguza mzigo, usipunguze kinga ya baridi

Msomaji, kutembea milimani ni mojawapo ya mazoezi bora kwa mtu anayeketi ofisini siku tano za juma. Moyo hupata kazi, miguu hupata nguvu na akili hupumzika. Lakini faida hiyo yote inaweza kupotea kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi wamechoka: mzigo walioubeba mgongoni.

Zamani safari za siku kadhaa porini kwa miguu zilikuwa za wawindaji. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, ingawa majirani zetu wa Tanzania bado huuruhusu kwa leseni. Anayeingia Aberdare au Mlima Kenya leo huenda kutazama na kupiga picha. Hata hivyo, kanuni ya mwindaji haijabadilika: aendaye mbali kwa miguu hubeba kidogo. Somo letu wiki hii ni jinsi ya kuchagua hicho kidogo bila kuhatarisha afya yako.

Uzito na mwili wako

Mzigo mzito huchosha uti wa mgongo na kuumiza magoti, hasa wakati wa kuteremka. Aliyelemewa huinama, hupumua kwa shida, hutokwa na jasho jingi na hujikwaa kwa urahisi. Kifundo cha mguu kikiteguka mbali na barabara, shida hiyo ni ya kundi zima.

Kiasi kinachopendekezwa ni sehemu moja ya kumi ya uzito wako kwa safari ya siku moja, na sehemu moja ya tano kwa safari ya kulala. Mtu wa kilo 60 basi asizidi kilo 6 akienda na kurudi, na kilo 12 akienda kulala. Hata mpagazi wa Kilimanjaro, ambaye kubeba ndiyo kazi yake, amewekewa kikomo cha kilo 20.

Usikisie. Ukiwa Riruta, peleka begi lako kwa muuza nafaka wa mtaani na umwombe alipime kwenye mizani yake. Kisha toa vitu, upime tena.

Anza na vitu vitatu vikubwa

Kupunguza mswaki hakusaidii kitu ikiwa hema lako lina kilo 5. Uzito mwingi hutoka kwa shanta, hema na mfuko wa kulalia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Si lazima ununue vitu vipya vya bei ghali. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi hupatikana mashanta mazuri kwa mwenye subira ya kuchagua. Tafuta lenye mkanda mpana wa kiunoni, kwa maana mkanda huo ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Jaribu zipu zote. Vitu vizito vipange karibu na mgongo, visining'inie nyuma.

Hema la watu wawili lisizidi kilo 3, na mgawane: mmoja abebe kitambaa, mwingine vyuma na vigingi. Mfuko wa kulalia wa mitumba ufuliwe na uanikwe juani siku nzima kabla ya kuutumia, usije ukajiletea kunguni au upele. Usisahau godoro jembamba la sponji. Ni jepesi, na bila hilo ardhi itakunyonya joto usiku kucha hata ukiwa na mfuko mzuri.

Nguo: hapa usifanye ubahili

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Riruta iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lenana katika Mlima Kenya kiko mita 4,985. Hesabu mwenyewe: usiku ambao hapa ni wa nyuzi 12, kule juu maji huganda.

Nguo za pamba hunywa maji na hukawia kukauka. Jinzi iliyolowa ni nzito na humpokonya mwenyewe joto. Chagua nguo za sufu au polista. Shati jepesi liwe karibu na ngozi, sweta ya sufu ifuate, na koti lisilopitisha maji liwe juu. Ongeza kofia, glavu na soksi kavu za kulalia. Vitu hivi usiviache nyumbani kwa ajili ya kupunguza uzito.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, maisha yako hatarini. Dalili ni kutetemeka, kushindwa kufunga vifungo, kujikwaa na kuongea ovyo kama mlevi. Mgonjwa avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, afunikwe vizuri hadi kichwani na akingwe upepo. Ikiwa ana fahamu zake na anaweza kumeza, apewe kinywaji moto chenye sukari. Pombe asipewe kabisa.

Chakula na moto

Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi yao Nanyuki na kupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojitengenezea. Wawili wao walifika Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Kilichowatesa mno njiani ni njaa, kwani chakula kiliwaishia. Kwa hiyo punguza vyombo, usipunguze chakula.

Beba vyakula vikavu: unga wa uji, njugu karanga, tende, maziwa ya unga na tambi. Maharagwe na mahindi makavu yaache nyumbani. Katika mwinuko wa mita 4,200 maji huchemka kwa takriban nyuzi 86 tu, na githeri yako haitaiva hata ukeshe nayo. Sufuria moja, kikombe na kijiko vinatosha. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wa nyumbani hupita kilo 12 ukihesabu na chuma chake, basi tafuta jiko dogo la kambini.

Onyo: jiko la makaa au la gesi lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeivuta akiwa usingizini huenda asiamke.

Maji

Lita moja ya maji ni kilo moja. Penye mito, beba lita mbili na ujaze njiani, lakini usinywe bila kutibu, hata maji yakiwa maangavu. Yachemshe kwa dakika tatu au tumia dawa ya klorini, ukifuata maelezo ya kifurushi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu tangu Juni 2020, basi beba chupa ya kudumu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwaka 2017. Badala yake, fundi wa cherehani anaweza kukushonea mfuko wa turubai jepesi wa kuhifadhi nguo kavu.

Hatari ya mzigo mwepesi

Mwenye begi jepesi hujiona ana nguvu, akapanda mbio. Kuanzia mita 2,500 hewa hupungua, na anayeharakisha anaweza kuumwa na kichwa, kupata kizunguzungu na kutapika. Katika njia ya Naro Moru, wengi hulala Met Station, mita 3,050, na kesho yake hulala mita 4,200. Hiyo ni haraka mno. Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Anayekohoa povu, anayepumua kwa shida hata akiwa amepumzika au anayeyumba ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Wenye shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo wamwone daktari kabla ya safari.

Jaribu kwanza karibu na nyumbani

Wiki mbili kabla ya safari, panda matatu ya 111 katika Barabara ya Ngong uende Milima ya Ngong ukiwa na shanta lako lote. Tembea hadi upande wa Kona Baridi pamoja na wenzako. Mahali kiatu kitakapokuchubua, utapajua. Kitu ambacho hukukigusa siku hiyo, jiulize kama kina kazi. Koti la mvua, nguo kavu, tochi, dawa na plasta havimo katika hesabu hiyo: hata usipovitumia, vibebe.