Mkataba wa Usiri katika Utafiti: Kipi Kifichwe, Kipi Kisifichwe

Mtafiti wa chuo kikuu anapotaka kushirikiana na kampuni ya dawa, mara nyingi hutakiwa kusaini mkataba wa usiri kabla ya mazungumzo kuanza. Sharti hilo lina maana. Uvumbuzi ukitangazwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, huweza kukosa sifa ya upya na haki yake ikapotea. Mkataba huo humlinda mwenye wazo, awe kampuni au mtafiti.

Mkataba ulio sahihi hutaja taarifa zipi ni siri, nani aruhusiwe kuziona, zitumike kwa kazi gani, na usiri udumu kwa muda gani.

Hata hivyo, siri ya wabia si siri ya mgonjwa. Tuchukulie utafiti wa selimundu unafanyika Mbagala. Kufuta jina la mtoto hakutoshi: umri wake, mtaa wake huko Kizuiani na biashara ya mama yake vikiwekwa pamoja, jirani atamtambua. Saini ya mbia haiondoi wajibu wa kupata ridhaa ya mzazi na idhini ya kamati ya maadili, wala haitangui Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tena, usiri usigeuke kizibo cha mdomo. Mwaka 1996 huko Toronto, Kanada, Daktari Nancy Olivieri aliona dalili kwamba deferiproni, dawa ya kupunguza madini ya chuma mwilini, haikuwafaa baadhi ya wagonjwa wake wa thalasemia. Alipotaka kuwaarifu, kampuni ya Apotex, mfadhili wa utafiti, ilipinga tafsiri yake, ikasitisha majaribio na kumwonya kwamba ingemchukulia hatua za kisheria kwa kuvunja usiri. Aliwaarifu wagonjwa, na mwaka 1998 akachapisha matokeo.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, mpelekee mwanasheria wa chuo rasimu, na udai iwe na kifungu cha namna hii: "Hakuna sharti la mkataba huu litakalomzuia mtafiti kuwaarifu washiriki, kamati ya maadili au mamlaka ya udhibiti wa dawa kuhusu jambo linalohatarisha afya." Mbia akikikataa kifungu hicho, ni heri kuijua nia yake kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.