Jinsi ya Kulea Mtoto Bila Kuchungulia Kitabu cha Uzima

Kuna swali ambalo wazazi Wakristo wa Nakuru huliuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya kanisa watu wakianza kutawanyika: kama Mungu aliwachagua walio wake kabla ya kuumba ulimwengu, mwanangu yumo? Anayeuliza ni mama ambaye kijana wake alimaliza kidato cha nne na tangu hapo haonekani ibadani. Au ni baba aliyembatiza binti yake akiwa mchanga, na sasa mashemeji wa dhehebu lingine wanamwambia maji yale yalikuwa bure. Nawaandikia hao. Fundisho la uteule naliamini, na naamini pia kwamba limewatesa wazazi wengi kwa sababu wamelishika upande usiofaa. Hakuna mzazi aliyepewa orodha ya majina. Amepewa mtoto, na amepewa kazi ya kufanya juu ya mtoto huyo.

Kabla ya kumfundisha mtoto, keti na mwenzako mjue mnachoamini, maana katika Bonde la Ufa mafundisho yamechanganyika hadi mezani. Mafundisho ya Calvin, mwalimu wa uteule wa Geneva, yalitufikia kwa njia mbili. Wamisionari wa Scotland walijenga kituo chao Thogoto mwaka wa 1898, na kanisa lililozaliwa kwao, PCEA, liliwafuata waumini wake hadi mashamba ya walowezi, kisha hadi mashamba waliyonunua baada ya uhuru, Bahati, Njoro na Subukia. Njia ya pili ni ya Makaburu. Mwaka wa 1908 msafara wao ulishuka kwenye treni hapahapa Nakuru, ukapanda nyanda za Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe, na imani ya Kanisa la Kireforma ikapanda nao. Reformed Church of East Africa, yenye makao yake Eldoret, ina mizizi huko. Halafu uamsho uliotoka Rwanda ukaingia Kenya mwaka wa 1937, ukawazoeza watu kushuhudia siku waliyookoka. Nalo kanisa la AIC, lililoenea kutoka Kijabe, humweka mtoto wakfu na kungoja akue, aamini, ndipo abatizwe. Kwa hiyo si ajabu kukuta nyumba moja ya Kiamunyi ambamo baba ni wa PCEA, mama alilelewa AIC, na shangazi ni Mpentekoste, kila mmoja akiwa na neno lake juu ya mtoto yuleyule.

Kubalianeni maneno mtakayotumia mbele yake. Kama mlimbatiza, mwambieni kwamba ubatizo ni ishara na muhuri wa ahadi ya Mungu, na kwamba ahadi hiyo inamwita aamini. Kama mlimweka wakfu, mwambieni kwamba mlimkabidhi kwa Mungu na mnamngoja amwamini mwenyewe. Mabishano ya maji mengi au machache yaacheni kwa watu wazima, na msiyafanye mtoto akiwa sebuleni. Kazi ya nyumbani ni ileile, iwe mlimbatiza au mlimweka wakfu.

Jambo la pili ni gumu zaidi: acha kutafuta dalili. Mzazi mwenye wasiwasi humchunguza mtoto kama daktari. Amesinzia wakati wa maombi, basi hayumo. Amelia kwenye kambi ya vijana, basi yumo. Ana hasira kama babu yake, basi kuna laana ya ukoo. Huko kote ni kuchungulia mahali ambapo waliofundisha uteule wenyewe walitukataza. Calvin, katika kitabu chake kikuu alichokikamilisha mwaka wa 1559, alionya kwamba anayejaribu kuingia katika shauri la siri la Mungu atapotea asione njia ya kutokea, akaelekeza macho yetu kwa Kristo. Ungamo la Westminster la mwaka wa 1646 linaeleza uteule katika sura ya tatu, na kabla sura haijaisha linaagiza fundisho hilo lishughulikiwe kwa busara na uangalifu wa pekee. Na Musa, katika Kumbukumbu la Torati 29, anayaachia ya siri kwa Mungu, kisha anasema yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu. Angalia kwamba watoto wametajwa upande wa yaliyofunuliwa.

Hapa nyumbani maana yake ni hii. Maneno kama "wewe ni mtoto wa shetani" au "ndugu yako ameokoka, wewe je?" yasitoke kinywani mwako kamwe. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa mara kwa mara kwamba hatauona ufalme, atakuamini, naye ataanza kuishi kama mtu aliyekwisha kukataliwa. Usifanye kinyume chake pia. Aliyenyoosha mkono kwenye mkutano akiwa na miaka minane asiambiwe kwamba mambo yamekwisha. Ashukuriwe, aendelee kufundishwa. Na anayekuja kukuuzia sadaka ya kuvunja laana ili mwanao aokoke, msindikize mpaka mlangoni. Neema haina ada, na mtu anayeitoza ada hana cha kukupa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana mtoto ataliuliza, tena wakati usiotarajia. Chukua jioni ya kawaida. Mama ameweka sinia mapajani, anachagua maharagwe ya kesho. Binti wa miaka tisa amechutama karibu naye.

"Mama, mwalimu wa Jumapili amesema Mungu alituchagua kabla hatujazaliwa. Na kama mimi hakunichagua?"

Wengi wetu hapa tungesema nyamaza, hayo ni mambo ya wachungaji. Mtoto angenyamaza, na hofu ingebaki. Mama huyu anauliza kwanza: "Wewe unamtaka Yesu?"

"Ndiyo."

"Basi nenda kwake. Ameahidi kwamba hatamfukuza yeyote anayemjia."

Binti anatazama rundo dogo la maharagwe yaliyotobolewa, yaliyotengwa pembeni. "Na hayo unatupa?"

"Haya natupa kwa sababu ni mabovu. Mungu hakuchagua hivi. Angetafuta wazuri asingempata hata mmoja, mimi mama yako nikiwemo. Alipenda tu."

Mama huyo amefundisha sura nzima ya Wareforma pasipo kuinuka kwenye kigoda. Uteule haukutokana na uzuri wa mtu, kwa hiyo mtoto mtukutu hana sababu ya kukata tamaa, na mtoto mtiifu hana sababu ya kujivuna. Halafu zingatia mpangilio wa majibu yake. Alimpeleka mtoto kwa Kristo kwanza, ndipo akaeleza kidogo. Ukianza na maelezo utazama, na mtoto atazama nawe.

Kwa kijana wa sekondari jibu hilo halitoshi, kwa sababu amekwisha kukutana na wenzake wanaosema kwamba Mungu wa namna hiyo ni dhalimu. Usimtishe. Fungueni Warumi 9 pamoja, msome hadi mwisho polepole, mkubali pale panapowashinda. Lakini msifunge Biblia hapo. Sura ya 10 inafuata mara moja, na ndani yake Paulo anasema kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, kisha anauliza watu watasikiaje pasipo mhubiri. Mtu yuleyule, barua ileile. Kijana akiona kwamba Paulo, aliyefundisha uteule kwa ukali huo, ndiye aliyewalilia Wayahudi wenzake na kuwaombea waokoke, ataelewa kwamba wewe kumwombea si kupingana na imani yako.

Ibada ya nyumbani ndiyo nguzo, na huvunjika kwa sababu wazazi huifanya ndefu. Dakika kumi zinatosha: kifungu kifupi, swali moja, ombi la kila mtu kwa maneno yake mwenyewe. Ifanyeni baada ya chakula kabla ya taarifa ya habari, na stima zikipotea msiahirishe. Wenye kupenda mpango watumie katekisimu. Ile fupi ya Westminster ina maswali 107. Ile ya Heidelberg, ya mwaka wa 1563, ina maswali 129 yaliyogawanywa katika Jumapili 52, kwa hiyo kazi ya kila wiki imekwisha kupangwa. Siku nyingine mwache mtoto akuulize wewe. Ukikwama, kwama mbele yake na mtafute jibu pamoja.

Wenye watoto katika shule za bweni, nao ni wengi sana kaunti hii, wana wiki chache tu za likizo katika mwaka. Msizijaze mihadhara. Siku ya kuwatembelea, pamoja na kuku na chapati, peleka barua fupi iliyoandikwa kwa mkono, imwambie mtoto kifungu unachomwombea nacho muhula huu. Barua hukaa ndani ya sanduku la shuleni miezi mitatu na husomwa zaidi ya mara moja.

Kuna wazazi wanaosoma haya ambao mtoto wao hayupo tena. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai lilivunja kingo na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto, na kila mwaka hospitali zetu huwarudisha wazazi nyumbani mikono mitupu bila habari hiyo kufika gazetini. Mzazi Mreforma aliyezika mtoto mchanga ana neno la kushika. Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619, ileile iliyotetea uteule kuliko mkutano wowote, iliandika kwamba wazazi wacha Mungu wasitilie shaka uteule na wokovu wa watoto wao ambao Mungu anawaita watoke katika maisha haya wakiwa wachanga. Nanyi mnaokwenda kwenye matanga, msiulize kama mtoto alikuwa amebatizwa. Kateni kuni, chemsheni chai, kaeni.

Nimeacha kwa mwisho mtoto aliye mtu mzima na amegeuka. Ana miaka 24, anaendesha bodaboda, amepanga chumba Kaptembwo. Au yuko Egerton mwaka wa tatu na amekwambia waziwazi kwamba haamini tena. Mzazi wake huwa na maumivu mawili, ya mtoto na ya kujilaumu. Kuhusu kujilaumu, ungama ulipokosea kweli, hata kwa mtoto mwenyewe, kisha usijifanye Roho Mtakatifu. Calvin alimzika mwanawe wa pekee aliyezaliwa mwaka wa 1542, na miaka ishirini baadaye binti yake wa kambo alianguka katika uzinzi mji mzima wa Geneva ukajua. Nyumba ya mwalimu wa uteule haikukingwa.

Kuhusu mtoto, jifunze kwa Monika, mama Mwafrika wa Thagaste, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo. Mwanawe Augustino aliiacha imani yake, akafuata dini ya Wamani, akaishi na mwanamke ambaye hawakuoana, akazaa naye. Monika mwanzoni alikataa kula naye meza moja. Baadaye, baada ya ndoto iliyomtia moyo, alimrudisha mezani ingawa kijana alikuwa bado hajabadilika. Alipomsihi askofu mmoja akazungumze naye, askofu alimwambia amwache kwa sasa, aendelee tu kumwombea. Augustino alibatizwa Milan wakati wa Pasaka ya mwaka 387, na mama yake akafariki mwaka uohuo. Miaka arobaini hivi baadaye, akiwa mzee, Augustino aliandika kutetea uteule na zawadi ya kudumu katika imani, na ndani ya kitabu hicho akakumbusha kwamba machozi ya kila siku ya mama yake yalijibiwa ili asipotee. Calvin alijifunza uteule kwa Augustino. Basi anayekuambia kwamba uteule unafanya maombi ya mzazi kuwa bure hajamsoma mwalimu wa fundisho hilo.

Kwa hiyo mrudishe mezani. Krismasi awe na sahani yake, hata kama ana rasta na harufu ya sigara. Usilifanye jina lake kuwa mada ya maombi katika ushirika wa nyumba kwa nyumba. Watu humrudishia habari hiyo kabla hujafika nyumbani kwako. Mchague mtu mmoja au wawili wanaoweza kunyamaza, muombe pamoja siku maalumu. Ukitaka kupanda kwenye mapango ya Menengai kufunga na kuomba kama wafanyavyo wengi, panda, lakini usiende kumpa Mungu masharti wala tarehe. Na kila simu unayompigia kijana wako isiwe mahubiri. Akiona jina lako kwenye simu na kujua kwamba ni lawama, hatapokea, na siku atakapokuwa na shida ya kweli atampigia mtu mwingine.

Kama hamjazungumza kwa muda mrefu, mpigie leo jioni. Muulize amekula nini na kazi inaendaje, umsikilize mpaka amalize. Habari ya kanisa ngoja aiulize mwenyewe.