DAWA YA PAMBA NA MAZIWA YA WATOTO

Mkulima wa Bariadi, wajua kwamba dawa ya pamba huua viwavi. Yafaa ujue pia huenda wapi baada ya kuwaua.

Zamani pamba ya Usukuma ilinyunyiziwa dawa iitwayo D.D.T. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, tena haiozi upesi. Hukaa udongoni miaka mingi. Ng'ombe akila majani yenye dawa kidogo leo na kidogo kesho, hujikusanya katika mafuta ya mwili wake, kisha hutoka katika maziwa. Kuku naye hudonoa viwavi waliokufa chini ya pamba, na dawa huingia katika kiini cha yai. Basi vyakula vile vile tunavyowapa watoto wapate kukua ndivyo viibebavyo. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, lakini hakuondoi D.D.T.; ukitengeneza samli, huifuata humo. (Mama anyonyeshaye asiache: maziwa yake bado ni chakula bora cha mtoto.)

Tazama yaliyotokea Vikuge, karibu na Kibaha. Mwaka 1986 tani 170 hivi za dawa, nyingine zimekwisha muda wake, zililetwa kutoka Ugiriki kama msaada, zikawekwa katika shamba la serikali. Banda lilianguka, mvua ikazinyeshea. Mwaka 1996 mabaki yaliondolewa, lakini udongo ulipopimwa baadaye ulikuwa bado na D.D.T. tele.

Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulikataza D.D.T. mashambani, na mwaka 2011 ikaongezwa endosulfani, nayo dawa ya pamba. Dawa nyingi za leo huoza mapema zaidi. Hata hivyo ni sumu, na chupa kuukuu iliyosahauliwa ghalani haijui mkataba.

Siku za kupiga bomba, fungia kuku. Usilishe ng'ombe katika pamba iliyopigwa dawa. Chupa ya dawa usiitie maziwa kamwe, hata ukiisugua kwa majivu, maana plastiki hunywa dawa. Isuuze mara tatu, maji yake yamimine katika bomba uyanyunyizie pamba, kisha itoboe.

Ukikuta dawa ya zamani isiyo na jina, usiimwage mto Simiyu, usiichome, wala usiizike. Iache katika chombo chake mahali pakavu, mbali na watoto na chakula, ukamwite Bwana Shamba.