Jinsi ya Kumwandika Mhusika Kiziwi wa Zamani

Hatua ya 1. Chagua mahali na mwaka kabla ya shujaa. Mtoto kiziwi wa mwaka 1805 katika kijiji cha Chilmark, kisiwani Martha's Vineyard, Marekani, aliishi tofauti kabisa na mwenzake wa Boston. Chilmark uziwi ulirithiwa katika koo zilizooana vizazi kwa vizazi. Inakadiriwa kuwa katika karne ya 19 mtu 1 kati ya 25 huko alikuwa kiziwi. Wavuvi na wakulima wanaosikia nao walizungumza kwa lugha ya alama. Ann Clare LeZotte, ambaye mwenyewe ni kiziwi, alikitumia kisiwa hicho katika riwaya yake ya vijana, Show Me a Sign (2020).

Hatua ya 2. Jiulize: nani hapo anaijua lugha ya mhusika wako? Usimpe mtoto wa 1805 alama za Marekani ya leo. Hizo zilianza kukua baada ya 1817, shule ya viziwi ilipofunguliwa Hartford na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi Mfaransa, akaleta alama za Ufaransa. Na kama hadithi yako iko baada ya 1880, kumbuka kongamano la walimu wa viziwi la Milan la mwaka huo: baada yake shule nyingi zilipiga marufuku alama darasani. Hapo pana riwaya nzima, kwa maana watoto hawakuacha kuzungumza kwa alama wakiwa peke yao.

Hatua ya 3. Fuata mwanga na mikono. Hapa ndipo waandishi wengi wanaosikia huteleza. Taa ikizimika, mazungumzo yamekatika. Aliyebeba ndoo mbili hajibu mpaka azitue. Ndevu nene huficha midomo, na hata midomo iliyo wazi haisomeki yote. Maneno mengi hufanana midomoni. Kwa upande mwingine, watu wawili wanaweza kuteta kutoka mashua moja hadi nyingine bila kupiga kelele.

Hatua ya 4. Andika alama kama sentensi kamili, si maneno yaliyovunjikavunjika. Anayezungumza kwa mikono hana kigugumizi.

Hatua ya 5. Usimponye mwishoni. Mpe tatizo jingine: shamba linalogombaniwa, baharia asiyerudi, wivu wa dada.

Hatua ya 6. Kabla ya kumpelekea mchapishaji mswada, mpe msomaji kiziwi, kijana ikiwezekana, na umlipe kama unavyomlipa mhariri.