SHIBITI NI KIUNGO, SI KIDONGE CHA PRESHA



Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Magonjwa ya somo lile, kama malaria na kuhara, humlaza mtu akajua kuwa anaumwa. Leo tutasoma juu ya ugonjwa unaokuja kimya. Ugonjwa huo ni presha ya juu.

Presha ni nini?

Moyo ni pampu. Unasukuma damu katika mishipa ya mwili mzima. Nguvu ya damu inayobana kuta za mishipa ndiyo presha. Mganga akipima huandika namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Ikiwa kwa siku tofauti namba ya kwanza inafika 140 au zaidi, au ya pili inafika 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.

Mwenye presha anaweza kulima shamba lake la maharage bila kusikia maumivu yoyote. Halafu siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Mtu anapooza upande mmoja. Hicho ni kiharusi.

Shibiti ni nini?

Siku hizi habari za majani yanayoponya presha na kisukari zinafika hadi vijijini, kwa midomo na kwa simu. Mmea mmoja unaotajwa ni shibiti. Watu wa pwani wanaujua. Ni wa ukoo mmoja na giligilani na karoti. Majani yake ni membamba kama nyuzi, na mbegu zake ni bapa na zinanukia. Hutiwa katika chakula, na tangu zamani hutumika kutuliza tumbo lenye gesi.

Je, inaponya presha? Mwaka 2012 wataalamu wa Iran walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua watu 24 wenye matatizo kama unene wa kiuno, presha, sukari na mafuta mengi katika damu. Kundi moja lilipewa dawa iliyotokana na shibiti kwa wiki 12. Kundi la pili lilipewa dawa ya bandia. Mwisho wakalinganisha. Aina moja ya mafuta ilipungua kwa waliopewa shibiti. Lakini makundi mawili yalipowekwa pamoja, hapakuwa na tofauti ya kutegemewa. Majaribio mengine machache yaliona mafuta ya damu yakipungua. Basi shibiti inaweza kusaidia kidogo, lakini haijathibitika kuwa dawa ya presha.

Mfano

"Shikamoo mama. Mbona leo hukwenda zahanati kuchukua vidonge?"

"Marahaba mwanangu. Vidonge nimeacha. Nakunywa mbegu nilizochemsha, na sasa sisikii kitu."

"Lakini mama, hata kabla ya kupimwa ulikuwa husikii kitu!"

Binti huyu amesema kweli. Kutosikia maumivu si kupona. Kipimo ndicho kinachosema.

Tufanye nini?

1. Tupime presha zahanati, hata kama hatuumwi.

2. Anayepewa vidonge asiache mwenyewe. Akitumia majani au mbegu yoyote, amweleze mganga.

3. Tupunguze chumvi. Chumvi ikizidi, mwili unashika maji, damu inaongezeka katika mishipa, na presha inapanda. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote pamoja. Tusiache chumvi kabisa, kwani chumvi yenye madini joto inatukinga na rovu.

4. Hapa ndipo viungo vina kazi yake. Shibiti ikipatikana, inaongeza ladha ili chumvi ipungue. Isipopatikana, tutumie kitunguu, nyanya, tangawizi au ndimu katika maharage na sombe. Samaki wa chumvi tumloweke kwanza, na maji yale tumwage. Mawese nayo tupime kwa kijiko, tusimimine tu.

Hesabu ya nyumbani

Nyumba ina watu wazima 4. Kila mmoja gramu 5 kwa siku: 4 × 5 = 20. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Gawanya: 500 ÷ 20 = 25. Basi pakiti hiyo isiishe kabla ya siku 25. Andika tarehe juu ya pakiti siku unapoifungua. Ikiisha mapema, umejua la kufanya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini wataalamu walitumia makundi mawili?
2. Mama wa mfano wetu alikosea wapi?
3. Pakiti ya chumvi nyumbani kwako inakaa siku ngapi?